Simu bandia na tarakimu 15 zinazozua mvutano usiokwisha

USIKU wa Juni 16, 2016, mamia kwa maelfu ya simu za mkononi nchini Tanzania zilianza kukatwa mawasiliano. Zilikuwa na chaji, laini zake zilikuwa zimesajiliwa na salio lilikuwamo, lakini hazikuweza kupiga wala kupokea. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilikuwa imetoa taarifa tangu Desemba 2015 kwamba siku hiyo simu zote zenye namba za utambulisho zisizo halali zingeondolewa mitandaoni. Zaidi ya simu laki sita ziliripotiwa kuondolewa.

Kenya ilikuwa imetangulia kwa takriban miaka minne. Usiku wa Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (CCK), ambayo baadaye iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), iliziagiza kampuni za simu kuzima simu bandia. Simu zilizozimwa zilikadiriwa kufikia milioni 1.89.

Tangu wakati huo mabishano hayajatulia, na kila linapotoka tangazo jipya kuhusu simu huibuka upya kana kwamba yameanza jana. Wapo wanaosema simu bandia ni sumu katika soko na zinastahili kung'olewa bila huruma. Wapo wanaouliza ni kwa haki gani mwananchi aliyenunua simu dukani, mchana kweupe na kwa fedha yake halali, ageuzwe kuwa mkosaji. Na lipo kundi la tatu, ambalo sauti yake imezidi kupaa mwaka hadi mwaka, linalohoji ni nani anayepaswa kushika orodha ya simu za watu wote, na ataifanyia nini.

Ili kuuelewa mvutano huo, ni vyema kuanza na namba yenyewe.

IMEI ni nini?

Kila simu inayotengenezwa kwa kufuata taratibu hupewa namba yenye tarakimu 15, ijulikanayo kwa ufupi kama IMEI. Namba hiyo huonekana mtu anapobonyeza *#06#. Kwa kawaida huandikwa pia kwenye kasha la simu, na katika simu ambazo betri yake hufunguka, hubandikwa chini ya betri.

Wengi huichanganya namba hii na ile ya laini, ingawa ni vitu viwili tofauti kabisa. Namba ya laini huhusu huduma aliyonunua mteja kutoka kampuni ya simu, nayo huhama pamoja na kadi. IMEI huhusu chombo chenyewe. Kwa anayemiliki gari, IMEI ni mithili ya namba ya chasisi: gari linaweza kuuzwa, kupakwa rangi upya au kubadilishwa dereva, lakini chasisi hubaki na namba ile ile. Ndiyo maana usajili wa laini, ambao Tanzania iliuanza mwaka 2009 na kuufanya kuwa wa alama za vidole kufikia Januari 2020, haukugusa suala la simu bandia. Mtu anaweza kuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lake kamili ndani ya simu isiyotambulika popote.

Tarakimu 15 hizo hazipangwi kiholela. Nane za mwanzo hueleza aina ya simu. Hutolewa kwa utaratibu unaosimamiwa na GSMA, chama cha kimataifa cha kampuni za simu za mkononi, baada ya mtengenezaji kuwasilisha taarifa za simu anayotaka kuitengeneza. Sita zinazofuata ni namba ya mfululizo ya simu moja moja. Ya mwisho ni ya uhakiki.

Tarakimu hiyo ya uhakiki hupatikana kwa kanuni ya hesabu iliyobuniwa na Hans Peter Luhn, mtaalamu wa kampuni ya IBM, katika miaka ya 1950. Kila tarakimu ya pili katika zile 14 za mwanzo huzidishwa kwa mbili, kisha tarakimu zote za matokeo hujumlishwa. Tarakimu ya 15 ni ile inayoifikisha jumla hiyo kwenye kumi kamili. Jumla ikiwa 52, kwa mfano, tarakimu ya mwisho lazima iwe 8 ili kufikia 60. Kwa njia hiyo kompyuta hutambua mara moja namba iliyoandikwa kwa kubahatisha.

Simu yenye uwezo wa kutumia laini mbili huwa na IMEI mbili. Wako wanunuzi waliotishika bure walipoona namba mbili kwenye kioo, wakadhani wameuziwa bandia, kumbe hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Simu huzimwaje?

Neno "kuzima" limezoeleka, ingawa halielezi sawasawa kinachotokea. Simu inapowashwa na kutafuta mtandao, hujitambulisha kwa mnara ulio karibu. Mtandao unaweza kuiuliza namba yake ya IMEI na kuilinganisha na daftari la kielektroniki la kampuni. Daftari hilo huwa na orodha tatu: nyeupe ya simu zinazoruhusiwa, nyeusi ya zilizokataliwa, na ya kijivu ya zinazoangaliwa. Iliyo katika orodha nyeusi hunyimwa huduma.

Kwa kuwa kila kampuni ina daftari lake, simu iliyokataliwa na mtandao mmoja ingeweza kuhamia mwingine. Hivyo serikali nyingi zilianzisha daftari kuu la taifa linalounganisha ya kampuni zote. Nchini Tanzania msingi wa daftari hilo ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Simu iliyofungiwa haifi. Inaweza kuendelea kupiga picha, kucheza muziki, na ikiwa ni ya kisasa, kutumia intaneti isiyopitia laini. Inachopoteza ni kazi yake ya msingi, yaani mawasiliano ya mtandao wa simu. Kwa Mtanzania au Mkenya wa kawaida, hilo ni zaidi ya kukosa kuzungumza. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kufikia wakati wa uzimaji, simu ilikuwa tayari ndiyo pochi, benki na kibubu. Aliyezimiwa simu alilazimika kutafuta nyingine ili aifikie fedha yake mwenyewe.

Zilitoka wapi?

Ni rahisi kulaumu wafanyabiashara wa Kariakoo au Luthuli Avenue, lakini chimbuko la simu hizo liko mbali zaidi.

Katikati ya miaka ya 2000, MediaTek, kampuni ya Taiwan, ilianza kuuza moyo wa simu ukiwa karibu kamili: kifaa cha kuchakata mawimbi, programu zake na maelekezo ya kuunganisha. Kazi iliyohitaji mamia ya wahandisi ikawa inafanywa na karakana ndogo. Mwaka 2007 China iliondoa masharti ya leseni maalumu ya kutengeneza simu. Mji wa Shenzhen ukafurika viwanda vidogo, na soko lake la Huaqiangbei likawa ghala la dunia. Wengi wa watengenezaji hao hawakuona haja ya kufuata taratibu za kupata namba. Waliweka sifuri tupu, walinakili namba ya simu nyingine, au waliipa shehena nzima namba moja.

Bidhaa hizo zilipendwa Afrika Mashariki, na si kwa sababu ya bei peke yake. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, hivyo watu wengi walimiliki laini mbili au tatu na kuzibadilisha kila walipotaka kupiga. Nchini Kenya, ada ambayo kampuni hulipana kwa simu zinazovuka mitandao ilikuwa Sh4.42 kwa dakika hadi ilipopunguzwa kwa nusu mwaka 2010. Simu za Shenzhen zilikuja na nafasi za laini mbili, spika zenye kishindo, tochi na betri ya kudumu, nyingine hata na antena ya televisheni. Kampuni kubwa zilikuwa bado hazijakisikia kilio hicho. Nokia, iliyotawala soko, ilitangaza simu zake za kwanza za laini mbili mwaka 2010.

Pengo hilo halikuzibwa na bandia peke yake. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kuleta chapa ya Tecno, ilijenga jina lake Afrika kwa kuuza simu halali za laini mbili kwa bei nafuu. Mfano huo hutajwa na wanaoamini kwamba dawa ya bandia ni kumpa mnunuzi maskini kitu halali anachokimudu.

Bandia za aina nyingi

Kiini cha mabishano mengi ni kwamba neno "bandia" limebebeshwa mizigo minne tofauti.

Ya kwanza ni simu iliyoigiza chapa ya kampuni nyingine, iwe kwa kunakili nembo yake au kwa kubadili herufi moja, kama zile zilizoandikwa "Nokla". Huo ni ulaghai wa wazi. Ya pili ni simu yenye jina lake yenyewe, isiyomwiga yeyote, ila mtengenezaji wake hakupata namba halali. Ya tatu ni simu halisi iliyoibwa, na pengine kubadilishwa namba ili isitambulike. Ya nne ni simu halisi, yenye namba halali, iliyoingizwa nchini kwa magendo bila kulipiwa ushuru.

Kwa mwanasheria hayo ni makosa manne, yanayotendwa na watu wanne tofauti. Kwa mtambo unaohakiki IMEI, hali ni nyingine. Mtambo unaweza kusema tu kwamba namba fulani ipo au haipo katika orodha. Hauwezi kujua iwapo betri ni salama, iwapo kioo ni imara, wala iwapo nembo iliyo mgongoni ni ya kweli. Simu bovu yenye namba iliyonakiliwa vyema inaweza kupita, na simu nzuri iliyokosa namba ikakataliwa. Anayeahidi kwamba uhakiki wa namba utaleta ubora sokoni anaahidi zaidi ya uwezo wa chombo anachokitumia.

Hoja za wanaounga mkono

Pamoja na hayo, hoja za mamlaka si za kubezwa.

Ukubwa wa biashara yenyewe unatisha. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilieleza mwaka 2017 kwamba karibu simu moja kati ya kila tano zinazosafirishwa kimataifa ni bandia. Mwaka huo huo, utafiti wa Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja wa Ulaya pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU) ulikadiria kwamba mwaka 2015 watengenezaji halali walikosa mauzo ya simu za kisasa milioni 184 duniani, sawa na asilimia 12.9. Kwa Afrika kiwango kilikuwa asilimia 21.3, cha juu kuliko mahali pengine popote.

Mamlaka zilitaja pia afya na usalama: betri zisizopimwa, chaja zinazopata moto na madini yenye sumu katika vipuri visivyokaguliwa na yeyote. Zilitaja ubora wa mawasiliano, kwa kuwa simu duni hushika mtandao kwa shida na kumfanya mteja ailaumu kampuni ya simu.

Kwa Kenya, hata hivyo, hoja nzito ilikuwa usalama. Nchi ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo ujumbe mfupi wa simu ulitumika kueneza chuki, na ilikuwa ikielekea uchaguzi wa Machi 2013. Simu isiyo na namba ya kipekee humpa mhalifu maficho. Polisi wanaomsaka mtekaji nyara hukuta IMEI inayotumiwa na maelfu ya watu wasio na hatia.

Hoja za wanaopinga

Upande wa pili huanza na swali moja: simu hizo ziliingiaje? Hazikupenyezwa mfukoni. Zilipita bandarini na viwanja vya ndege, zikauzwa katika maduka yenye leseni, na nyingine zikatolewa risiti. Kama kulikuwa na uzembe, wasema wapinzani, ulikuwa wa waliopewa kazi ya kulinda mlango. Lakini siku ya hukumu aliyepoteza chombo chake alikuwa mnunuzi peke yake. Mwagizaji alikuwa amekwisha kupata faida yake, na muuzaji akabaki dukani akisubiri wateja wanaotafuta simu mpya.

Hoja hiyo ina mashiko ya kisheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, na ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa. Lakini haki iliyo katika karatasi ni kitu kimoja, na kumfuata muuzaji wa kibandani ambaye hakutoa risiti ni kitu kingine. Gharama ya kesi huizidi bei ya simu mara nyingi.

Sera za kodi nazo zimekuwa zikivuta upande huu na ule. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu mwaka 2009 ili ziwafikie wengi, kisha ikairudisha kwa sheria ya mwaka 2013, muda mfupi baada ya kuzima zile za bei rahisi. Kwa mwenye kipato cha chini, mlango mmoja ulifungwa na wa pili ukapandishwa kizingiti.

Watetezi wa uzimaji hujibu kwamba muda wa kujiandaa ulitolewa. Ni kweli. Tanzania ilitoa takriban miezi sita, na wananchi waliweza kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090 ili kujua hali ya simu zao. Kenya iliahirisha tarehe zaidi ya mara moja na ilikuwa na huduma kama hiyo kupitia namba 1555. Lakini kumjulisha mtu mapema kwamba atapata hasara hakuifuti hasara hiyo.

Funzo kutoka India

Afrika Mashariki haikuwa ya kwanza. Baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, India iliamua kuzikatia huduma simu zisizo na IMEI halali, na agizo hilo likaanza kutekelezwa Desemba 1, 2009. Simu takriban milioni 25 zilitajwa kuwa hatarini.

India ilijaribu jambo ambalo Tanzania na Kenya hazikulifanya. Kabla ya tarehe ya mwisho, iliruhusu utaratibu wa kuzipandikiza namba halali simu zisizokuwa nazo kwa ada ndogo. Mwenye simu alikwenda kwenye kituo kilichoidhinishwa, simu yake ikapewa namba, naye akaendelea kuitumia. Wakosoaji walisema huko kulikuwa kuhalalisha haramu. Waliounga mkono walisema lengo lilikuwa kila simu itambulike, na kwamba lengo hilo lilifikiwa kwa wengi bila kumwadhibu maskini.

Hata hivyo, India ilijifunza pia kwamba tatizo halimalizwi kwa tarehe moja. Mwaka 2020 polisi wa Meerut, kaskazini mwa nchi hiyo, walieleza kwamba zaidi ya simu 13,000 zilikutwa zikitumia IMEI moja.

Hilo linaonesha udhaifu wa msingi. IMEI ni maandishi ndani ya kumbukumbu ya simu, na fundi mwenye vifaa anaweza kuyabadili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2002 inayofanya kitendo hicho kuwa jinai, lakini sheria humfikia aliyekamatwa tu. Namba inaponakiliwa, mwenye simu halisi naye huwa hatarini, kwa kuwa mtambo hauna njia nyepesi ya kujua ipi ni mama na ipi ni nakala.

Bidhaa bandia yageuka suala la faragha

Kenya iliporudi kwenye suala hili, mabishano yalichukua sura mpya. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu kuhusu mtambo ambao ungeunganishwa na mitandao yao ili kubaini simu bandia na zilizoibwa. Safari hii hofu haikuwa simu kuzimwa, bali simu kuchunguzwa. Wapinzani walidai kwamba mtambo ulio ndani ya mtandao unaweza kufikia kumbukumbu za nani kampigia nani na lini. Mamlaka ilikanusha, ikisema kinachotafutwa ni namba za vifaa tu.

Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani. Aprili 2018, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliuzuia mpango huo, akisema ulitishia haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 31 ya Katiba na haukuwashirikisha wananchi ipasavyo. Aprili 2020, Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo kwa maelezo kwamba kesi ilifunguliwa mapema mno, wakati mashauriano yangali yakiendelea. Chama cha Wanasheria wa Kenya (LSK) kikaenda Mahakama ya Juu, ambako rufaa yake ilitupwa Aprili 2023.

Kesi hiyo ilibadili swali. Mwaka 2012 wananchi waliuliza, "Je, simu yangu ni halali?" Miaka mitano baadaye waliuliza, "Je, anayeikagua simu yangu anaona nini kingine?"

Wasiwasi huo si wa Kenya peke yake. Desemba 2025, ilifahamika kwamba serikali ya India imewaagiza watengenezaji kuweka katika kila simu mpya programu ya serikali ya kuhakiki IMEI na kuripoti simu zilizoibwa. Upinzani ulikuwa mkali kiasi kwamba agizo hilo liliondolewa siku chache baadaye.

Mkono wa mtoza ushuru

Sura ya karibuni zaidi ni ya kodi. Daftari linaloweza kuikataa simu bandia linaweza pia kuikataa simu isiyolipiwa ushuru, na serikali zenye njaa ya mapato zimeligundua hilo.

Uturuki humruhusu mgeni kutumia simu aliyokuja nayo kwa siku 120, kisha hufungiwa mtandao hadi alipie usajili. Pakistan ilianzisha mfumo wake mwaka 2018, na simu inayoingizwa kutoka nje lazima isajiliwe na kulipiwa ili iendelee kupata huduma. Kwa simu za bei kubwa malipo hayo yamekuwa mwiba kwa raia wanaorejea kutoka ughaibuni.

Kenya ilijaribu kufuata njia hiyo. Oktoba 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, simu zinazoingizwa au kuunganishwa nchini zingepaswa IMEI zake ziwasilishwe kwa Mamlaka ya Mapato (KRA), na ambazo hazikulipiwa kodi zingezuiwa. Wasafiri nao walitakiwa kutangaza simu zao mipakani. Simu zilizokuwa zikitumika kabla ya Novemba 2024 ziliachwa nje ya agizo. Taasisi ya Katiba Institute ilipinga, mahakama ikasimamisha utekelezaji Desemba 2024, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikwenda kinyume cha Katiba.

Wanaotetea mpango kama huo husema mfanyabiashara mwaminifu hawezi kushindana na wa magendo, na kwamba kodi isiyolipwa na mmoja hulipwa na wengine. Wanaopinga hujibu kwamba kodi hudaiwa kwa mwagizaji, na kwamba kuiambatanisha na mawasiliano ya raia ni sawa na kufunga kisima kwa sababu muuza ndoo hakulipa ushuru.

Mnunuzi ajilinde vipi?

Wakati wakubwa wakivutana, anayesimama mbele ya kaunta akiwa na fedha yake mkononi anahitaji jibu la leo. Hatua chache zinaweza kumpunguzia hatari.

Kwanza, abonyeze *#06# kabla ya kulipa, na si baada ya kulipa. Namba inayojitokeza ilingane na iliyo kwenye kasha. Namba ya sifuri tupu, iliyopungua tarakimu au iliyotofautiana na kasha ni sababu tosha ya kuondoka.

Pili, adai risiti yenye IMEI iliyoandikwa. Bila risiti, madai yoyote ya fidia huwa maneno matupu. Pia risiti hiyo ndiyo ushahidi wa umiliki simu ikiibwa, kwa kuwa polisi na kampuni ya simu watahitaji namba ile ile ili kuifungia.

Tatu, anayenunua simu iliyotumika aiweke laini yake na kupiga nayo dukani. Simu iliyofungiwa inaweza kuwaka vizuri na kuonesha picha za kupendeza, lakini haitapata mtandao. Jaribio hilo halimalizi hatari, kwani simu ya wizi inaweza kufungiwa baadaye mwenyewe atakapotoa taarifa, ndiyo maana ni muhimu pia kumfahamu muuzaji.

Nne, aitilie shaka bei inayovutia kupita kiasi. Rahisi huwa ghali, na simu ya chapa maarufu inayouzwa kwa robo ya bei yake ama si ya chapa hiyo, ama si ya anayeiuza.

Hatua hizo humsaidia mtu mmoja mmoja, lakini haziondoi wajibu wa wenye mamlaka. Uzoefu wa zaidi ya miaka kumi unaonesha kwamba mahali rahisi pa kuikamata simu bandia ni kontena linapofunguliwa bandarini, ambako mwenye mzigo yupo, anajulikana jina na anaweza kulipishwa. Ikishafika mikononi mwa watu milioni moja, kila mmoja akiwa ameilipia, njia zinazobaki zote zina maumivu, na hadi sasa maumivu hayo yamemwangukia aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kuitambua simu bandia alipoinunua.